Risasi za Verlin Hazikohoi

"Tangu mama anizae," alisema Verlin Schaneman, "sijawahi kutengeneza risasi iliyokataa kulia. Hata moja. Mkitaka niape, leteni Biblia. Mkiona haitoshi, leteni mbili."

Aliyasema haya kwenye baraza ya klabu ya shabaha, mdomo umejaa soseji, na hakuna aliyeinuka kwenda kutafuta Biblia. Maneno hayo walishayasikia wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake, na mara moja kwenye mazishi ya mwalimu wa jiografia, ambapo Verlin aliombwa aseme machache kuhusu marehemu akaishia kuzungumzia mashine yake.

Mashine ilikuwa ya buluu. Hilo lazima lisemwe mapema, maana katika pembe ile ya Nebraska magharibi, kati ya mashamba ya viazisukari na reli ya makaa, rangi ya mashine ya kujazia risasi si jambo la kupita hivihivi. Kila Jumapili watu wa klabu hupiga kwa bastola vyuma vya shabaha hadi mikono ife ganzi, halafu wote wanainama kuokota maganda. Utamwona daktari kainama, mchungaji kainama, bibi wa miaka sabini na goti la bandia kainama. Mtu anaweza kusahau miwani yake pale uwanjani, hata mkwe wake, lakini maganda hayasahau. Anayapeleka nyumbani, anayaosha, anayapa fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti, anamwagia baruti, anayafunika kichwa cha risasi, na Jumapili inayofuata anayapiga tena. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mashine ya hatua moja: unavuta mkono wake wa chuma, ganda moja linafanyiwa jambo moja. Unabadilisha kifaa, unaanza upya. Ukimaliza boksi, nywele zimeota mvi.

Hii ya kisasa ina sahani inayozunguka, na vituo vitano juu yake. Maganda yanapanga foleni kama watoto wa shule siku ya chanjo. Kituo cha kwanza wanakung'oa fataki iliyokufa na kukunyoosha kiuno. Cha pili umeshapewa fataki mpya na unamwagiwa baruti. Cha tatu unachunguliwa. Cha nne unavishwa kichwa. Cha tano unabanwa shingo. Kila ukivuta mkono, wote wanasogea hatua moja, na risasi nzima inadondoka kwenye bakuli, ting! Vuta tena, ting! Ni mashine ya kumfanya mtu mvivu ajione kiwanda.

Verlin alichagua mashine yake majira yote ya baridi. Alisoma vijitabu chooni. Alimuuliza mkewe Marva maswali kitandani, kama vile, "Hivi wewe ungekuwa ganda, ungependa sahani izunguke yenyewe au uizungushe kwa mkono?" na Marva akajibu kwamba yeye angekuwa ganda angependa kulala. Mwenyekiti wa klabu, mzee Odell Brungardt, alikuwa mtu wa mashine nyekundu, na watu wa nyekundu na watu wa buluu ni watani wa jadi wasiokubaliana hata kama leo ni Jumanne. Mwishowe Verlin akaingia dukani kwa Lorna Pfeifer, duka linalouza misumari, chakula cha kuku, baruti na kadi za siku ya kuzaliwa, akapiga kofi kaunta.

"Nipe ya buluu."

"Umeamua kwa sababu gani?" Lorna aliuliza. Mama huyu alikuwa mpana, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika hadi kituo cha mafuta.

"Ubora wa chuma."

"Siyo kwa sababu Odell anayo nyekundu?"

"Bi Lorna, mimi ni mtu mzima."

"Haya, mtu mzima. Sasa nikuwekee na king'ora? Kadude kadogo hivi, unakafunga kwenye chupa ya baruti. Baruti ikikaribia kuisha kanalia kama mbu."

Verlin alicheka mpaka akashika kaunta. "King'ora! Hicho ni cha watu wanaosinzia. Mimi ganda likipita mbele yangu nalichungulia hadi tumboni. Mwuzie Odell."

"Odell anacho," alisema Lorna, na akafunga mzigo.

Kiangazi chote mambo yakaenda vizuri, lazima tumpe haki yake. Risasi zililia. Verlin naye alilia nazo, kwa majigambo. Ndipo ukafika mwezi wa kumi, wakati wa mavuno, magari ya viazisukari yakawa yanapita usiku na mchana, na hospitali ikajaa watu waliobanwa vidole na mitambo. Dada yake Verlin, Twyla, alikuwa muuguzi pale. Zamu zikamlundikia juu ya zamu, na Jumapili ile ndiyo ilikuwa ya mchujo.

Klabu hupeleka wapiga shabaha wanne kwenye fainali za jimbo. Watatu walikuwa wanajulikana. Kiti cha nne kiligombewa na Twyla na daktari wa meno mmoja, Kermit Loos, mwenye mkono mtulivu kama barafu ya bwawani. Mwaka juzi Kermit alimshinda Twyla kwa unywele. Mwaka jana kwa nusu ya unywele. Twyla alikuwa ameshaweka msumari ukutani kwa ajili ya beji, na msumari ulikuwa unapata kutu.

Alikuja kwa Verlin Alhamisi, bado amevaa sare za kazini, macho mekundu.

"Kaka, sina muda wa kukaa kwenye mashine yangu. Nitengenezee wewe."

Hapo lazima mtu asiyewajua watu hawa aelezwe kidogo. Katika klabu ile kila kitu kinaazimwa. Utaazimwa bastola, utaazimwa lori, wapo walioazimana majina ya watoto. Risasi ya kujaza nyumbani, hapana. Risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine ni kama mswaki wake. Huitii bastolani mwako hata akiwa askofu. Kwa hiyo Twyla aliposema maneno yale, Verlin alihisi ameteuliwa kuwa waziri.

"Utapiga zangu? Wewe?"

"Usinifanye nirudie. Baruti ileile ninayotumia, kipimo kilekile, kichwa kilekile. Usiongeze ujuzi wako."

"Dada yangu, zangu hazikohoi."

"Najua, Verlin. Tumesikia. Hata marehemu mwalimu alisikia."

Jumamosi mchana Verlin akajifungia gerejini, maganda yako tayari, fataki ziko tayari, chupa ya baruti kaiweka mahali pake juu ya mashine. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine hawezi kulifanya: Jumamosi ile timu ya chuo cha jimbo ilikuwa inacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi. Siku ya mechi Nebraska nzima huvaa nyekundu, hata watu wa mashine za buluu. Verlin alikuwa na fulana nyekundu, kofia nyekundu, na redio kubwa juu ya friji ya bia.

Mwanzoni alikuwa mtu mwema. Vuta, chungulia, weka kichwa, ting! Vuta, chungulia, weka kichwa, ting! Kisha timu yetu ikapata mpira, na kijana mmoja akaanza kukimbia nao pembeni mwa uwanja, mtangazaji akapandisha sauti. Redio haina cha kutazama, lakini mtu wa Nebraska timu yake ikikimbia huitazama redio. Verlin akaitazama. Mkono wa kulia ukaendelea kuvuta. Mkono wa kushoto ukaendelea kuvika vichwa. Macho yakawa uwanjani.

"Kimbia! Kimbia, mwanangu! Usiangalie nyuma!" Ting! "Mpige kikumbo huyo!" Ting! "Ndiyoooo!" Ting, ting, ting!

Mechi ilipokwisha, tumeshinda, Verlin alikuwa na bakuli limejaa hadi ukingoni. Akaingiza mikono yote miwili, akazikoroga risasi zake kama mtu anayekoroga dengu, kwa raha tu, azisikie zikigongana. Kisha akainua macho kwenye chupa ya baruti.

Ilikuwa tupu. Si kwamba imepungua. Ilikuwa tupu kama sufuria ya nyama wajukuu wakishapita.

Verlin alikaa chini kwenye ndoo.

Swali halikuwa kwamba baruti imekwisha. Swali lilikuwa imekwisha lini. Imeishia kwenye risasi ya mwisho? Au imeishia pale kijana alipoanza kukimbia? Kati ya pale na kipenga cha mwisho alikuwa amevuta mkono mara nyingi sana, na zile zenye baruti na zile zisizo nayo sasa zilikuwa zimekorogwa bakuli moja, zote zinang'aa, zote zina nyuso za wacha Mungu.

Akachukua moja, akaitikisa sikioni. Akasikia kitu. Au ni damu yake mwenyewe. Akachukua nyingine, akatikisa, akafumba macho. Marva akaingia kutafuta tochi.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Zinasemaje?"

"Marva, tafadhali."

"Ziulize chakula cha jioni zinataka nini. Mimi sijui nipike nini."

Akajaribu mizani. Moja nzito, moja nyepesi, akadhani amepata. Kisha akakumbuka maganda yake yameokotwa kila mahali, ya kiwanda hiki na kiwanda kile, na tofauti ya uzito baina ya ganda na ganda inaizidi baruti yenyewe. Mizani ilikuwa inamtajia viwanda tu. Juu ya tumbo la risasi haikusema neno.

Basi akafanya alichobaki nacho. Akachukua bastola yake, akachota konzi moja bakulini, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kifusi cha udongo anapofanyia mazoezi, akaingiza risasi moja moja. Ya kwanza: paa! Uso ukachangamka. Ya pili: paa! Akaanza kujihurumia kwa kuwa na wasiwasi wa bure. Ya tatu ikasema:

"Pf."

Ni sauti ndogo, kama mzee anayekohoa kanisani akijitahidi asisikike. Ndiyo maana wenyewe wanaiita kikohozi. Fataki peke yake, bila baruti, imekisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu kikakwama humo. Verlin aliishusha bastola polepole, akaiweka juu ya gogo, akarudi nyuma hatua kadhaa kana kwamba imemtukana.

Majigambo yake yalifia pale pale kwenye kifusi, bila mashahidi ila ng'ombe wa jirani. Lakini si majigambo yaliyomtisha. Yeye alikuwa anapiga moja moja, taratibu, masikio yamesimama. Twyla hapigi hivyo. Twyla akisimama mbele ya vyuma, kidole chake kinatangulia akili yake. Ingekohoa moja, na kabla hajaelewa ingekuwa imeshafuatwa na nyingine nzima, mtutu umezibwa, na chuma kingepasuka mikononi mwake. Mikono ile ya kushonea watu.

"Hapana," Verlin akamwambia ng'ombe. "Hizi hapati hata moja."

Hapo tumsifu. Sifa zenyewe zinaishia hapo hapo, kwa hiyo mzile haraka.

Maana jambo la busara lililofuata lilikuwa kumpigia dada yake simu na kusema: nimeharibu. Alishika simu. Akaliona jina la Twyla. Kisha akamwona mzee Odell, mtu wa nyekundu, kainamisha kichwa kwa huruma ya uongo, akisema, "Pole sana, Verlin, na ulikataa king'ora, eti?" Simu ikarudi mfukoni yenyewe.

Akatazama saa. Duka lilikuwa linakaribia kufungwa. Akaendesha lori katikati ya magari ya viazisukari, akawapigia honi wakulima waliomzidi umri mara mbili, akaingia kwa Lorna akihema.

"Baruti ya Twyla, ipo?"

"Imekwisha tangu Jumatano. Watu wote wanajiandaa na kesho." Lorna alimwangalia. "Vipi wewe? Umekuwa mweupe kama unga."

"Nimekimbia."

"Na lori umelileta kwa mgongo?"

Verlin akaegemea kaunta, akashusha sauti. Nyuma ya Lorna, rafuni, kulikuwa na maboksi ya risasi za kiwandani, zimetengenezwa tayari, zile ambazo miezi yote hiyo alikuwa akiziita chakula cha hospitali.

"Nipe hizo."

"Zipi?"

"Hizo."

"Za kiwandani?" Lorna akasema kwa sauti yake ya kituo cha mafuta. "Wewe, Verlin? Za kiwandani?"

"Polepole, mama! Ni za... mgeni. Shemeji yangu wa Omaha anakuja."

"Maboksi mangapi?"

"Yote."

"Ana vita na nani huyo shemeji?" aliuliza Lorna, lakini akayashusha.

Verlin aliegesha lori nyuma ya kituo cha kuoshea magari. Pale ndani, magoti yamegusa usukani, akatoa risasi za kiwandani kwenye maboksi yake ya karatasi, akazipanga moja baada ya nyingine kwenye visanduku vya plastiki ambavyo wajazaji wote hutumia, akaandika juu yake kwa kalamu nene: TWYLA. Maboksi ya karatasi akayatia kwenye pipa la taka chini ya vikombe vya kahawa. Akarudi nyumbani akala kabichi na nyama ya kusaga ndani ya mkate, na Marva akamuuliza mara mbili mbona ameacha kuongea.

Jumapili ilipambazuka na baridi kavu na harufu ya viazisukari. Twyla alifungua kisanduku juu ya boneti ya lori lake. Akaguna.

"Mbona maganda yanang'aa hivi?"

"Nimekuoshea mara mbili."

Akageuza moja, akaitazama kitako, penye muhuri wa kiwanda. Akatazama nyingine. "Na yote ya kiwanda kimoja?"

"Nimekuchagulia," alisema Verlin, na ulimi wake ulikuwa mlaini hata yeye mwenyewe akashangaa. "Moja moja. Siku kubwa hii. Siwezi kukupa mchanganyiko wa kila kabila."

Twyla akafunga kisanduku. Akamkumbatia. Twyla si mtu wa kukumbatia watu, kazini anashika wa kutosha. Verlin alisimama mikono chini kama mti, akitamani dada yake amtukane tu kama siku zote.

Wakaanza. Kermit Loos alipiga kwanza, vyuma vikaanguka kwa mpangilio kama meno ya mtu mzima. Mzee Odell akasoma muda kwenye saa yake, watu wakapiga mluzi. Kisha Twyla akasimama kwenye mstari. King'ora cha kuanzia kikalia, bastola ikapanda. Chuma cha kwanza, hewa. Akakirudia kikaanguka. Cha pili, hewa. Alipomaliza raundi ile uso wake ulikuwa umekunjamana. Akaiweka bastola tupu mezani na kuja moja kwa moja kwa Verlin.

"Umeweka nini humu?"

"Kama ulivyosema."

"Verlin. Zangu zinasukuma. Hizi zinapiga teke kama punda. Mtutu unaruka juu kila nikipiga. Umeongeza baruti?"

"Sijaongeza!"

"Umebadilisha?"

"Twyla, pengine ni baridi..."

"Usiniletee baridi. Niliishi na wewe miaka kumi na minane chumba cha pili, najua ukidanganya sikio lako la kushoto linafanya nini." Verlin akalishika sikio. "Nisikilize. Mimi sipigi kitu nisichojua kina nini ndani. Kama umeongeza na hujui umeongeza kiasi gani, nakunja vitu vyangu sasa hivi. Kermit achukue kiti. Afadhali msumari uote kutu kuliko nirudi kazini na vidole ndani ya barafu."

Na hakuwa anatisha tu. Alishaanza kuvua kinga za masikio. Mzee Odell kule mstarini aliita, "Twyla, raundi ya pili, upo au haupo?"

Huu ndio ulikuwa wakati. Verlin aliufungua mdomo, ukweli ukaja hadi kwenye meno, ukachungulia nje, ukamwona Odell na kofia yake nyekundu, ukarudi ndani.

"Dada," alisema, na akaweka mkono kifuani. "Nakuapia kwa kaburi la babu. Hizo risasi ni salama kuliko zote nilizowahi kutengeneza maishani mwangu. Kila moja ina baruti yake, kipimo sawasawa, hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Teke ni kubwa kidogo, basi. Ukijua ni kubwa, unaishika vizuri. Nakuapia."

Na kiapo hicho, ukikitazama neno kwa neno, hakikuwa na uongo hata kidogo, ndiyo maana sikio halikucheza. Twyla aliliangalia sikio kwa muda mrefu.

"Zina teke, lakini ni salama."

"Kama benki."

Akavaa kinga zake, akarudi mstarini. Kabla ya king'ora kulia alihamisha mguu wa nyuma kidogo na kukaza kiwiko, kama anayemshika mgonjwa mkaidi asianguke kitandani. Kikalia. Verlin hakutazama. Alisikiliza tu: paa-ting, paa-ting, paa-ting, mfululizo, hakuna hewa hata moja, hadi chuma cha mwisho kikagonga ardhi. Raundi ya tatu vilevile. Ya nne, kasi zaidi. Kermit Loos alianza kutazama viatu vyake. Odell alipojumlisha muda, alijumlisha mara mbili, kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo kuliko kupepesa jicho. Safari hii jicho lilikuwa la Twyla.

Alipiga kelele moja tu, kelele ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwezi wa tisa. Halafu akamrukia kaka yake mgongoni.

Chakula kilikuwa barazani: sufuria kubwa la maharage na nyama yenye pilipili, na kando yake keki za mdalasini za kuviringisha, maana huko kimoja bila kingine hakiliki. Watu walimpongeza Twyla, na Twyla kila mara alimnyooshea kidole Verlin. "Ni yeye. Zilikuwa na teke la ajabu, lakini sawa zote! Sijawahi kupiga risasi zinazofanana hivyo. Kama zimetoka tumbo moja."

Mzee Odell akaja na bakuli lake. Akameza mate, kwa kuwa alichotaka kusema kilikuwa kinamuuma. "Verlin. Mimi ni mtu wa nyekundu, na nitazikwa hivyo. Lakini risasi zilizo sawasawa vile sijawahi kuziona zikitoka kwenye mashine ya nyumbani. Tumeshauriana. Najua desturi yetu, kila mtu na zake. Ila kwa fainali tunataka uwajazie wote wanne."

Barazani watu wote wakageuka. Hii haikuwahi kutokea tangu klabu ianzishwe. Kermit Loos mwenyewe, pamoja na uchungu wake, akatikisa kichwa kukubali. Twyla alikuwa anamtazama kaka yake kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo, hata siku ya harusi yake.

Mwenye akili angeshukuru, akasema ana kazi nyingi, akala. Verlin alisimama juu ya benchi.

"Wazee wangu, kina mama, siri si mashine. Siri ni mtu." Watu wakasogea. "Nitawafundisha bure. Mnavuta mkono hivi, taratibu. Kituo cha kwanza, msikilize ganda. Litakuambia lenyewe kama limechoka. Kituo cha pili, baruti. Hapo jana nilizima kila kitu. Redio, simu, kila kitu. Mke wangu alikuja kuniita nile, nikamwambia, mama, leo mimi ni wa Twyla."

"Mechi je?" mtu aliuliza.

"Mechi gani?" alisema Verlin, na watu wakaguna kwa heshima, kwa kuwa hapo waliona wamekutana na mtakatifu.

"Kituo cha tatu," akaendelea, akiinamisha kichwa kama anayechungulia kisimani, "hapo ndipo wanaume wanapoachana na wavulana. Unachungulia. Kila moja! Mimi jana, kila moja iliyotoka mkononi mwangu..."

"Verlin!"

Sauti ilikuwa ya kusikika hadi kituo cha mafuta. Lorna Pfeifer alikuwa anapanda ngazi za baraza na sinia la keki za mdalasini kifuani, pua imepauka kwa baridi, anatabasamu kwa watu wote.

"Nimechelewa, nisameheni, gari limegoma. Kumbe Twyla ameshinda! Hongera, mwanangu! Verlin, na wewe, shemeji yako kafika salama?"

"Shemeji yupi?" aliuliza Twyla.

"Wa Omaha. Ambaye jana jioni kaka yako kamnunulia risasi zote za kiwandani za dukani, rafu nzima, nikabaki na chakula cha kuku tu. Nikajiuliza, huyo mtu anakuja kusalimia au kuteka mji?" Lorna akaliweka sinia mezani, akapangusa mikono. "Zilitosha, Verlin?"

Mzee Odell alikuwa amesimamisha kijiko katikati ya bakuli na mdomo, na tabasamu lilikuwa linamjia polepole, kama jua la asubuhi. Marva, aliyekuwa na ndugu wa Omaha wasiozidi sifuri, akauficha uso wake kwenye skafu, mabega yakicheka.

Twyla akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ganda moja miongoni mwa yale aliyokuwa ameyaokota. Akalitazama kitako. Akatoa jingine, akalitazama. Akatoa jingine.

Verlin alikuwa bado juu ya benchi, mkono mmoja hewani umeshika mpini ambao haukuwepo.

"Endelea, kaka," alisema Twyla. "Ulikuwa umefika kituo cha tatu."